Kutayarisha Kurasa za Kumbukumbu: za Karatasi na za Mtandaoni



Kila mwaka Kidato cha Nne wakikaribia kutuaga, huwa tunajazana katika maabara ya kompyuta kutengeneza kitabu cha kumbukumbu: picha, utani, tarehe, hata tiketi ya matatu iliyopigwa picha. Zamani kazi hii ilikuwa ya gundi na makasi. Siku hizi ni ya kompyuta, na kwenye skrini kila ukurasa hupendeza. Taabu huanza kurasa zinapopelekwa Nyeri mjini kupigwa chapa, au zinaporushwa katika kundi la WhatsApp. Karatasi na simu hazitaki kitu kimoja, kwa hivyo ukurasa uleule hauna budi kutayarishwa mara mbili.

Hebu tuanze na hesabu, na tafadhali msikimbie. Picha ya kompyuta ni vinukta vidogo vidogo viitwavyo pikseli. Ili picha itoke safi kwenye karatasi, aghalabu hutakiwa pikseli 300 katika kila inchi. Karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7, yaani inchi 8.27 kwa 11.69. Ukizidisha utapata pikseli 2480 kwa 3508. Sasa chukua picha ya pikseli 1600 kwa 1200, saizi ambayo hupatikana sana baada ya picha kupitia WhatsApp. Gawa 1600 kwa 300: unapata inchi 5.3, karibu sentimita 13.5. Hiyo ni saizi ya kadi ya posta, na hapo itapendeza. Lakini ukiivuta ijaze urefu wa A4, inabaki na pikseli 137 tu kwa inchi, na marafiki zako wataonekana kama wamesimama ndani ya ukungu wa Nyandarua asubuhi ya mwezi wa Julai!

Tuseme darasa limezuru kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Kwenye jiwe la kaburi lake pamechongwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo maskauti huitumia njiani kusema, "Nimekwenda nyumbani." Bila nukta ile picha haina hadithi. Mtu akiichukua picha kutoka kundini, akaikata libaki jiwe peke yake, kisha akaikuza, nukta hugeuka doa. Dawa ni kumwendea aliyepiga picha mwenyewe, akupe ile ya asili kwa waya au flashi. Kama hamna budi kutumia WhatsApp, aitume kama hati, si kama picha, maana hati haipunguzwi.

Picha za zamani zina adabu zake. Mathalan nyanya amekuazima picha yake ya ujanani, na ndiyo pekee aliyo nayo. Ukiipiga kwa simu, mwanga wa dirisha hung'aa juu yake na pembe hupinda, hivyo ni afadhali skana. Ikiwa ina sentimita 6 kwa 9 nawe wataka ichapwe 12 kwa 18, iweke skana kwenye 600, kwani ukiikuza mara mbili zitabaki 300 zinazotakiwa. Halafu keti papo hapo saiba mpaka kazi iishe, uondoke na picha yako mkononi. Faili likipotea linaweza kutengenezwa tena, lakini picha ya nyanya haina ya pili.

Wengi wetu hupanga kurasa kwa PowerPoint. Jihadharini hapo: ukichagua saizi iliyoandikwa A4, programu hiyo hukupa sentimita 27.5 kwa 19 hivi, ambayo si A4 kamili. Andika vipimo mwenyewe. Na kama picha zinafika hadi ukingoni, ongeza milimita 3 kila upande, ukurasa uwe 21.6 kwa 30.3, kwa sababu kisu cha mpiga chapa hakikati kwa unyoofu wa rula. Nyuso na maneno yakae ndani, sentimita moja hivi kutoka ukingoni. Kitabu cha kubanwa kwa pini katikati huhitaji kurasa zinazogawanyika kwa 4. Ukimaliza, hifadhi kama PDF ili herufi zisibadilike kwenye kompyuta ya mwenzako.

Rangi nazo hudanganya. Skrini huangaza kwa taa, lakini wino hautoi mwanga. Samawati ya anga juu ya Mlima Kenya huweza kutoka imefifia au ikaelekea zambarau. Chapisha ukurasa mmoja wa majaribio kabla ya kulipia vitabu 80.

Sasa twende mtandaoni. Hapa nakala ndogo yatosha: upande mrefu wa pikseli 1600 husomeka vizuri kwenye simu, wala haumalizi bando la mtu. Lakini ile njia ya hati niliyoisifu hapo juu ina ubaya wake. Picha ya simu huweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, na ikitumwa kama hati, habari hizo huenda nayo. Mpelekee mpiga chapa, usiwarushie watu mia mbili. Kwa kundi, toa ukurasa mzima kutoka PowerPoint kama JPEG mpya, ambayo haibebi habari za mahali.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na sura yake ni mojawapo. Mwezi wa Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wengi wetu hatujafika miaka 18, kwa hivyo jambo hili latuhusu.

Ninapendekeza fomu ya mzazi iwe na maswali mawili tofauti: kitabuni, ndiyo au la, mtandaoni, ndiyo au la. Kuna mzazi atakayefurahia picha ya bintiye rafuni nyumbani lakini hataki izunguke kwenye simu za watu asiowajua. Ukurasa wa msichana huyo utapigwa chapa kama wa wenzake, na katika nakala ya mtandaoni picha yake itaondolewa kabla faili halijatumwa kwa yeyote.