Somo la 9: Maisha ya Utulivu na Kazi ya Mikono

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Wathesalonike 4:9–12, 2 Wathesalonike 3:6–13, Mithali 15:17, Mithali 30:7–9, Mhubiri 3:12, 13, Wagalatia 6:2–5, Wafilipi 4:10–17.

Fungu la Kukariri: 1 Wathesalonike 4:11, 12. Likariri kama lilivyo katika Biblia yako, mistari yote miwili. Wa kwanza unatoa agizo, na wa pili unatoa sababu yake.

Katika Kiswahili, hasa cha Tanzania, neno “kujitegemea” lina uzito. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 limefundishwa madarasani na kurudiwa katika mikutano ya hadhara. Hata hivyo, mwamini akilisikia kanisani anaweza kusita. Mithali 3:5 inamwagiza amtumaini Bwana wala asizitegemee akili zake mwenyewe. Basi nyumba inayojitegemea imemwachia Mungu nafasi gani?

Swali hilo huulizwa kwa uchungu zaidi na baba aliyefanya kibarua asilipwe, na mama anayehesabu sarafu kabla ya kumtuma mtoto dukani. Juma hili tutalifuata katika nyaraka za Paulo, na pia katika nyumba ya vijana wawili wa miji midogo ya Marekani, James na Ellen White, wakati ambapo majina yao hayakuwa na maana kwa mtu yeyote mwenye duka.

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI: Wangojeao Bila Kazi

Soma 1 Wathesalonike 4:9–12 na 2 Wathesalonike 3:6–13. Paulo anaanza na jambo gani kabla ya kuzungumzia kazi?

Anaanza na upendo wa ndugu. Hilo ni rahisi kulipita, kwa sababu wengi hukimbilia agizo la kutulia, kushughulika na mambo yao wenyewe na kufanya kazi kwa mikono. Lakini kwa Paulo mambo hayo ni sehemu ya kupendana. Mtu mwenye nguvu anayeacha kazi kwa hiari yake hula jasho la ndugu yake, na ndugu huyo naye ana watoto.

Thesalonike ulikuwa mji mkubwa wa bandari, lakini makanisa ya Makedonia yalikuwa maskini sana (2 Wakorintho 8:2). Katika kanisa kama hilo, watu wachache wasiofanya kazi ni mzigo unaoonekana mezani. Paulo hasemi waziwazi kwa nini waliacha kazi. Hata hivyo, nyaraka hizi mbili zimejaa habari za kurudi kwa Bwana, na fundisho la ufufuo wa wafu katika Kristo linafuata mara tu baada ya agizo la kazi (1 Wathesalonike 4:13–18). Wafafanuzi wengi huona uhusiano hapo: ya nini kulima ikiwa Bwana yu karibu?

Waadventista hawawezi kulisoma jambo hilo kama habari ya watu wengine. Jina lenyewe la kanisa linatangaza kwamba wanangoja. Paulo alingoja pia, tena kwa shauku, na bado alifanya kazi usiku na mchana ili asimlemee mtu (1 Wathesalonike 2:9).

Anawataja pia “walio nje.” Katika mji mdogo, huyo ni mwenye duka. Analo daftari lake la madeni, na ndani yake yamo majina ya watu wanaopita mbele ya duka kila Sabato asubuhi wakiwa wamevaa vizuri, na Biblia mkononi. Hajawahi kusoma kijitabu cha unabii. Amesoma daftari.

JUMATATU: Mfuko Uliopita Brunswick

Oktoba 1847, James na Ellen White walikuwa na mtoto wa miezi miwili, Henry, na hawakuwa na nyumba. Familia ya Howland, katika mji mdogo wa Topsham, jimbo la Maine, iliwapa sehemu ya nyumba yao. Wakaanza maisha humo kwa vyombo vya kuazima. Ellen alieleza baadaye azimio lao: wasiwe tegemezi kwa watu, wajitunze wenyewe, na wabaki na kitu cha kuwasaidia wengine. Sehemu hiyo ya mwisho ilikuwa na uzito uleule wa zile mbili za kwanza (linganisha na Waefeso 4:28).

Azimio hilo halikuwapa mafanikio ya haraka. James alisomba mawe kwenye reli, kazi ya kuvunja mgongo, lakini hakuweza kupata ujira aliostahili. Familia ya Howland iligawana nao kila ilipoweza, nayo yenyewe ilikuwa na hali ngumu. Siku moja chakula kiliisha kabisa. Mvua ilikuwa ikinyesha. James akaenda kwa mwajiri wake kuomba fedha au chakula, maili 3 kwenda na maili 3 kurudi, karibu kilomita 10 kwa jumla. Akarudi na mfuko mgongoni, ndani yake chakula kimefungwa katika mafungu mbalimbali. Ili afike nyumbani ilimpasa kupita katikati ya Brunswick, mji ulio ng’ambo ya mto, ambako mara nyingi alikuwa amehubiri.

Msomaji anayejua mji mdogo ataiona picha hiyo bila kusaidiwa: mhubiri wa jana, leo amelowa chapachapa na mfuko wa chakula mgongoni, mbele ya watu walewale waliomsikiliza.

Ellen alipomwona akiingia, moyo ulimzama. Aliuliza kama kweli wamefikia hapo, na kama Bwana amewaacha. Alilia kwa saa nyingi hata akazimia. Baadaye alijuta kwa kukata tamaa, lakini hakuificha habari hiyo. Ni vema kwamba hakuificha, maana kuna waamini wengi wanaodhani kuwa machozi ya jikoni ni dalili ya kukosa imani.

Soma Yakobo 5:4. Fungu hili linasema nini kuhusu ujira usiolipwa, na kwa nini haitoshi kumwambia kibarua aliyedhulumiwa kwamba aongeze bidii?

James aliiacha kazi ya reli. Akachukua shoka, akaenda msituni kukata kuni. Alikuwa na maumivu ya ubavu yasiyokoma, na kwa kazi ya kutoka asubuhi mapema hadi giza alipata takriban senti 50 kwa siku. Ellen alikuwa amejiwekea painti moja ya maziwa kwa siku, yeye na mtoto. Asubuhi moja mumewe alimwachia senti 9 za maziwa ya siku tatu. Alizitazama na kuwaza, kwa sababu mikono ya mtoto ilikuwa wazi na hakuwa na nguo ya kuifunika. Mwishoni aliacha maziwa, akanunua kitambaa cha kumshonea mtoto aproni.

Kwa hesabu ya dunia hilo ni jambo dogo mno. Akina mama wanaojua kuchagua kati ya sukari na sabuni hawataliona dogo.

JUMANNE: Sala ya Aguri

Soma Mithali 30:7–9. Aguri anaogopa nini kuhusu utajiri, na anaogopa nini kuhusu umaskini?

Hii ni sala ambayo watu wachache huiomba kwa sauti. Ni kawaida kusikia mtu akiomba Mungu amwondolee umaskini, lakini ni nadra kumsikia akiomba amwepushe na mali nyingi. Aguri anaomba yote mawili, na sababu zake zote zinamhusu Mungu. Akishiba sana atasahau Bwana ni nani, na akikosa kabisa ataiba na kulichafua jina lake. Anachotaka ni posho yake ya siku, kiasi chake.

Neno “kiasi” linaumiza siku hizi, kwa sababu simu ya mkononi inaweza kumkopesha mtu ndani ya dakika chache kabla hajajiuliza kama anahitaji. Mkopo wa kulipia ada ya mtoto ni jambo moja. Mkopo wa kununua kitenge kipya ili asionekane amerudia kile cha harusi iliyopita ni jambo jingine, na familia nyingi zinajua ni upi kati ya hiyo miwili uliowanyima usingizi.

JUMATANO: Mboga Penye Upendo

Soma Mithali 15:17, Mhubiri 3:12, 13, Yohana 21:9–13.

Mhubiri ni kitabu kinachovunja ndoto nyingi, lakini kila mara kinarudi mahali pamoja: mtu ale, anywe, aone mema katika kazi yake, na ajue kwamba hiyo ni karama ya Mungu. Mithali inaweka mezani sahani ya mboga na ng’ombe aliyenona, kisha inachagua mboga, mradi pana upendo. Haisemi kwamba umaskini ni mtamu. Inasema kwamba kinachotiwa kwenye chungu si chote kinachotiwa mezani.

Baada ya kufufuka, Bwana angeweza kujionyesha mbele ya Pilato. Badala yake, asubuhi moja alionekana kando ya ziwa akiwa na moto wa makaa, samaki na mkate, akawaita wavuvi waliochoka waje wafungue kinywa.

Ellen White naye alipenda sana bustani. Shajara yake ya mwaka 1859, alipoishi Battle Creek, Michigan, ambao wakati huo ulikuwa bado mji mdogo, inamwonyesha akipanda miche ya raspberi na stroberi na kutayarisha bustani ya maua mbele ya nyumba. Raspberi huliwa. Maua hayaliwi, na yeye aliyekuwa amewahi kuhesabu senti 9 hakuona kwamba ni upotevu kuyapanda.

Furaha za namna hiyo zipo katika kila mji mdogo wa Afrika Mashariki: kuku wa kienyeji anayetoka na vifaranga vyake, mchicha uliomwagiliwa kwa maji ya kuoshea vyombo, mtoto anayeleta yai la kwanza kwa mikono miwili kana kwamba yeye ndiye aliyelitaga. Na ipo Ijumaa ya maandalio. Nguo zimepigwa pasi, chungu kimeepuliwa, jua linashuka nyuma ya mapaa ya bati, na mtu anaanzisha wimbo kabla wengine hawajakaa. Hakuna aliyelipa kiingilio.

ALHAMISI: Majembe Matatu

Agosti 1865 James White alipatwa na kiharusi, na hakupona haraka. Alivunjika moyo, akaamini kwamba kazi yoyote ingemwua, na watu wengi waliomzunguka walikubaliana naye kwa huruma. Mwaka 1867 familia ilikuwa shambani Greenville, Michigan. Ellen alimwagiza mwanawe Willie, mvulana wa miaka 12, akanunue majembe matatu na reki tatu, kila kimoja kitatu. James alipinga, lakini akachukua jembe. Ellen akatangulia kulima hata viganja vikatoka malengelenge. Mumewe hakufanya mengi, ila alisimama shambani pamoja nao.

Majani ya mifugo yalipokuwa tayari kuvunwa, James alitaka kuwaita majirani. Ellen aliwatangulia, akawaomba wakatae. Walipojibu kwamba wana shughuli nyingi, James alisikitika. Ndipo Ellen akasema kwamba yeye na Willie wangekusanya majani na kuyapakia, naye James apange mzigo na kuendesha gari la kukokotwa. Lundo la majani Ellen alilipanga mwenyewe. James alipata nguvu, akarudi kuhubiri, akaishi hadi mwaka 1881.

Habari hii inapendwa, na kwa sababu hiyo inaweza kutumiwa vibaya. Haimpi mtu ruhusa ya kumwambia kila mgonjwa ainuke akalime. Ellen alimjua mumewe, alishika jembe la kwanza, na maumivu ya viganja yalikuwa yake.

Soma Wagalatia 6:2–5. Kuna tofauti gani kati ya mizigo ya mstari wa 2 na furushi la mstari wa 5?

Mzigo ni ule unaomwelemea mtu, na kwa huo kanisa linaitwa. Furushi ni lile ambalo mtu amepewa alibebe mwenyewe. Kazi ngumu ni kutambua kipi ni kipi, kwa maana mtu aliyenyang’anywa furushi lake hudhoofika, na aliyeachwa peke yake chini ya mzigo hufa. Paulo mwenyewe, aliyefanya kazi usiku na mchana Thesalonike, katika mji huohuo alipokea msaada kutoka Filipi zaidi ya mara moja (Wafilipi 4:16), wala hakuona aibu kuutaja.

Katika waraka huohuo anasema amejifunza kuwa radhi katika hali yoyote. Neno la Kiyunani alilolitumia, autarkēs, wanafalsafa wa Kistoa walilipenda: lilimtaja mtu anayejitosheleza, asiyehitaji kitu nje ya nafsi yake. Paulo analichukua neno lao, kisha katika mstari wa 13 anataja nguvu hizo zinatoka kwa nani.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Ruthu 2 pamoja na Mambo ya Walawi 19:9, 10. Angalia kwamba sheria haikumletea maskini mganda uliokwisha kufungwa. Ilimwachia pembe za shamba, akaokote mwenyewe, na Ruthu alirudi jioni akiwa na kitu alichokipata kwa mikono yake.

Rudi pia Topsham. Ellen White alieleza kwamba alionyeshwa baadaye maana ya majaribu yale: Bwana alikuwa akikitikisa kiota chao wasije wakatulia katika raha, kwa kuwa alikuwa na kazi kwa ajili yao. Mwaka 1848 James alichukua kazi ya kukata majani ya ekari 100 kwa senti 87 na nusu kwa ekari, na fedha hizo ziliwasaidia kusafiri kwenda mikutanoni. Henry aliachwa kwa familia ya Howland, akalelewa nao kwa miaka mitano.

Maswali ya Kujadili:

1. Paulo anaagiza utulivu, na Bwana alikitikisa kiota cha Topsham. Familia inawezaje kutambua wakati wa kutulia na wakati wa kuondoka?

2. Idara ya Dorkasi ya kanisa lenu imewahi kumbebea mtu furushi lake, au kumwachia mtu mzigo uliomzidi? Jadilini bila kutaja majina.

3. Mshiriki mmoja anaona aibu kuja kanisani kwa sababu anadaiwa na mshiriki mwingine. Ni nani anayepaswa kuchukua hatua ya kwanza, na hatua hiyo iweje?

4. Senti 9 zingetosha maziwa au kitambaa. Katika darasa lenu, ni nani juma hili anachagua kati ya vitu viwili vya namna hiyo, na mmejuaje?