Hesabu ya Jua na Atomu ya Kaboni

Apitaye Makupa, Mombasa, adhuhuri ya kaskazi, huliona jua likiwaka juu ya magunia ya makaa. Makaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Je, jua kali namna hiyo laweza kung'oa elektroni katika atomu moja ya kaboni iliyo peke yake, hata iwe ioni? Wengi watajibu ndiyo. Na tupige hesabu.

Atomu hiyo huishika elektroni yake ya nje kwa nguvu ya elektronivolti 11.26. Nuru nayo huja kwa vipande vidogo mno viitwavyo fotoni, na kila fotoni hufanya kazi peke yake. Ni mfano wa wapagazi wanaolijia gunia zito mmoja mmoja: wakija dhaifu mia, gunia halitainuka, akija mmoja mwenye nguvu, huliinua mara moja.

Ili kujua urefu wa wimbi la fotoni itoshayo, gawanya 1,240 kwa 11.26. Jibu ni nanomita 110. Nuru tuionayo kwa macho ni ya nanomita 400 hadi 700, na fotoni yake yenye nguvu kuliko zote haipiti elektronivolti 3.1. Basi jua la Makupa haliwezi. Miale ya nanomita 110 hunyonywa na hewa ya juu sana kabla haijatufikia.

Lakini nje ya hewa, penye nyota zenye mkia, miale hiyo haina kizuizi. Huko mtaalamu huchukua idadi ya fotoni za kila wimbi, akaizidisha kwa upana wa shabaha ambayo atomu huwa kwa fotoni hizo, kisha akajumlisha. Kwa umbali wa dunia na jua, jua likiwa tulivu, hupata karibu 0.0000004 kwa sekunde. Gawanya 1 kwa tarakimu hiyo, utapata sekunde 2,500,000. Ndizo siku 29 hivi, wastani wa muda wa atomu kabla ya kuwa ioni. Umbali ukiwa mara mbili, nuru hubaki robo, na siku huwa 116.

Basi msomaji, usipime jua kwa joto tu. Miale ya nanomita 300 hivi hufika Makupa. Haionekani wala joto lake halisikiki, lakini kila fotoni yake yatosha kudhuru ngozi na macho. Kofia pana na mikono mirefu ni kinga kwa wote, na zaidi kwa wenye ualbino.