SOMO LA MWEZI: "ZIKO SAWA"

Soma: Matendo 5:1-11 na 2 Wakorintho 8:16-21



Mwezi huu tuangalie neno dogo ambalo wengi wetu tumewahi kulisema: "Ziko sawa."

Mfano

Tuchukue kikundi cha akina mama 20. Kila Jumamosi kila mmoja anaweka akiba ya shilingi 100. Sanduku linakaa kwa mweka hazina. Usiku mmoja mtoto wake anashikwa na homa kali, na nyumbani hakuna hata ndururu. Anafungua sanduku, anachukua shilingi 600, anakimbia hospitali. Anajiambia, "Nitarudisha nikiuza kuku."

Jumamosi inafika, kuku hawajauzwa. Mwenyekiti anauliza, "Mama, pesa ziko sawa?" Anajibu, "Ziko sawa." Watu wanapiga makofi. Baadaye anakopa kwa jirani ili ajaze sanduku, halafu anakopa kwingine ili amlipe jirani. Siku hizi halali usingizi.

Biblia inatufundisha nini?

Anania na mkewe Safira waliuza shamba lao, wakaweka kando sehemu ya pesa, wakaleta iliyobaki kana kwamba ndiyo yote. Hakuna aliyewalazimisha kuuza. Petro alimwambia Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata pesa zilikuwa mikononi mwake. Wangeleta nusu na kusema ni nusu, hakungekuwa na neno. Kosa lao lilikuwa kuiita sehemu yote. Safira naye aliulizwa bei, akapata nafasi ya kusema kweli. Akajibu kwamba ni hiyo hiyo.

Mama wa mfano wetu hakuwa na haki ya kuchukua pesa za kikundi bila kuuliza. Hilo ni kosa. Lakini lingeweza kutengenezwa Jumamosi ile ile. Neno "ziko sawa" ndilo lililofunga mlango.

Na sisi wengine je? Mara nyingi mtu huogopa kusema kweli kwa sababu anajua vile tutamtendea. Habari za pesa kupungua hufika kisimani kabla ya kufika mkutanoni. Hata kama tunayosema huko ni ya kweli, hayamsaidii mtu.

Tumwangalie Paulo. Alipokuwa akisimamia mchango wa kuwasaidia Wakristo wa Yerusalemu, hakuwaambia watu, "Niaminini, mimi ni mtume." Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, na mmoja wao alikuwa amechaguliwa na makanisa yenyewe. Alitaka kazi ionekane safi mbele za Bwana na mbele ya watu pia. Kwa hivyo kuhesabu pesa mbele ya wote si kumshuku mweka hazina. Ni kumkinga.

Tufanye nini?

1. Pesa zihesabiwe mbele ya wanachama wote katika kila mkutano, na ziandikwe kitabuni.
2. Sanduku likae kwa mmoja, na funguo zikae kwa wengine.
3. Tuanzishe mfuko wa dharura, hata kama ni shilingi 10 kila mtu kwa wiki. Mtoto akiugua usiku, mama awe na mlango wa kubisha, na wenye funguo waamke.
4. Anayekiri mwenyewe apangiwe namna ya kulipa, na iandikwe. Tusimfukuze, wala tusilifunike jambo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Maswali ya kujadiliana

1. Mama yule angesema kweli Jumamosi ile, kikundi chetu kingemjibu nini?
2. Kuna jambo letu linalojulikana kisimani lakini halijasemwa mkutanoni?
3. Mara ya mwisho kitabu chetu kilisomwa mbele ya wote ni lini?

Sala

Ee Bwana, utupe ujasiri wa kusema "zimepungua" wakati zimepungua, na moyo wa kumsikiliza mwenzetu anaposema hivyo. Amina.