Dondoo muhimu: Kuisoma picha ya zamani ya Rolls-Royce

Usidanganywe na bodi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Rolls-Royce iliuza chasisi na injini tu. Bodi ilitengenezwa na mafundi wengine, kama Barker au Hooper, na mwenye gari aliweza kuibadilisha baadaye. Hivyo picha mbili zisizofanana zaweza kuwa za gari lilelile. Kitambulisho cha kweli ni namba ya chasisi.

Namba hiyo kwa kawaida haionekani pichani, kwa hiyo kuza picha hadi namba ya usajili isomeke. Uingereza iliifanya ya lazima mwaka 1904, na herufi zake zilionyesha halmashauri iliyosajili gari.

Igeuze picha nyuma pia: mhuri wa studio nauamini kuliko maneno ya muuzaji wa picha. Ukiandika huko, tumia penseli laini.