Hondohondo Juu ya Migomba: Maswali na Majibu Kuhusu Ndege wa Kilimanjaro

Mkazi wa Majengo huuona mlima asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda na kuufunika. Huitazama Kibo na barafu yake, kisha hugeukia shughuli zake. Macho huruka ule mkanda mweusi-kijani ulio kati ya vihamba vya wakulima na kilele, yaani msitu. Ndimo waishimo ndege wengi wa mlimani, na ndiko yanakoanzia maji yanayoteremka hadi mjini. Safu hii inajibu maswali ya watu wa Moshi wanaotaka kuutembelea mlima wao bila kuukwea hadi juu.

Je, ni lazima mtu apande mlima ndipo awaone ndege?

La. Kwarara hupita juu ya mapaa ya mji alfajiri wakipiga kelele, na chozi hufika kwenye ua lolote lenye maua ya kunyonywa. Anayetaka zaidi na asonge kidogo tu hadi Msitu wa Rau, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji. Msitu huu wa hekta zipatazo 570 hautegemei mvua peke yake. Maji ya chini ya ardhi yanayotoka mlimani huibuka humo kama chemchemi, na ndiyo maana hubaki mbichi hata vumbi la kiangazi linapotanda mjini. Humo umo msoo, mti adimu sana, na mivule ya zamani ambayo waongoza wageni huwapeleka watu kuitazama. Mbega weusi kwa weupe hurukaruka juu, na mwenye subira husikia hondohondo kabla ya kuwaona.

Kusini ya hapo, kwenye mashamba ya mpunga ya Moshi chini, mandhari hubadilika kabisa: yangeyange, korongo, mnana, na pia kwelea, ambao mkulima hana sababu ya kuwapenda. Ni ndege wengi kwa siku moja, bila kulipa kiingilio cha Hifadhi ya Taifa.

Mashamba ya watu yana faida gani kwa ndege? Si yamekwisha kulimwa?

Hapa ndipo penye utajiri ambao wengi huupita wakikimbilia geti la hifadhi. Kihamba cha Mchagga hakilimwi kwa kufyeka kila kitu. Juu kabisa husimama miti mikubwa kama mruka na mringaringa. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa. Na chini ya kahawa magimbi na mboga. Mfereji hupita pembeni ukileta maji kutoka msituni. Kwa ndege, hayo ni maghorofa: anayekula matunda hukaa juu, anayewinda wadudu hupekua katikati, anayechakura hubaki ardhini.

Mpango huo ni wa zamani kuliko kahawa yenyewe. Kahawa ililetwa na wamisionari Wakatoliki huko Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ikaingizwa chini ya kivuli kilichokuwapo tayari. Ilipoanza kuleta fedha, wakulima walijiunga: chama chao cha kwanza kikaundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika kinachojulikana hadi leo. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima.

Tatizo ni kwamba kivuli hakiuziki sokoni, lakini mbao zinauzika. Bei ya kahawa inapoanguka, au shamba linapogawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka likabaki kipande, mruka wa babu huonekana kama ada ya shule iliyosimama. Si haki kumlaumu mzazi anayeukata. Ila ni vema ajulikane anayehama siku mti ule unapoanguka. Hondohondo jike huingia kwenye tundu la mti mkubwa, akazibwa humo mlango ukibaki ufa mwembamba, na dume humlisha kupitia ufa huo mpaka kinda akue. Mti mchanga hauna tundu la namna hiyo. Miti ya haraka, kama migrivilea, hutoa mbao na kivuli, lakini haimpi hondohondo nyumba.

Ndani ya hifadhi, ni ndege gani huonekana na kwa kimo gani?

Njia nzuri kwa mtu wa siku moja ni Marangu: kutoka geti, karibu mita 1,900, hadi kibanda cha Mandara, mita 2,720, na nguvu zikiwapo, hadi Kreta ya Maundi iliyo jirani. Yote hiyo ni safari ya kwenda na kurudi kabla ya jioni.

Msituni asikilizwe kwanza shorobo. Ni ndege wa kijani na buluu anayekimbia juu ya matawi kama kindi. Akiruka tu, mbawa zake hufunguka nyekundu kali. Wekundu huo hutokana na rangi yenye madini ya shaba, kitu ambacho ndege wengine hawana. Yuko pia kwenzi wa Abbott, mweusi wa buluu mwenye tumbo jeupe, anayeishi katika misitu michache tu ya milimani ya Kenya na Tanzania na ambaye yumo katika orodha ya ndege walio hatarini. Jina hilo ni la William Louis Abbott, Mmarekani aliyekusanya wanyama na ndege Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1880. Minde, swala mdogo wa msituni anayepatikana Tanzania peke yake, naye kwa Kiingereza huitwa kwa jina la bwana huyo.

Juu ya msitu, kuelekea Horombo kwenye mita 3,720, ndege hupungua lakini huonekana kwa urahisi. Chozi wa milimani, dume lake kijani linalong'aa na mkia mrefu, hutua kwenye lobelia kubwa kutafuta nekta na wadudu. Kunguru wenye baka jeupe shingoni huzunguka kambi na hufungua mkoba usiofungwa vizuri. Wasilishwe hata kidogo. Kunguru aliyezoea mabaki ya chakula huongezeka kupita kiasi, na kunguru hula mayai na makinda ya wenzake.

Kuna ndege wa Kilimanjaro asiyepatikana mahali pengine?

Hakuna, na sababu yake ni umri. Milima ya Usambara na Uluguru ni ya kale mno, na misitu yake ilikaa peke yake kwa muda mrefu, ikazalisha viumbe wake. Kilimanjaro ni mlima wa volkano, mchanga kwa hesabu za miamba. Aliye karibu zaidi na sifa hiyo ni ndege mdogo wa kijani-manjano mwenye duara pana jeupe kuzunguka jicho, anayeishi Kilimanjaro, Meru na milima michache ya jirani.

Mlima huu una sifa nyingine. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba mti mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika, mkukusu wa mita 81.5, umesimama katika bonde moja la Kilimanjaro.

Tuogope nini zaidi: barafu kuyeyuka au kitu kingine?

Moto. Barafu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, nayo ni hasara ya kweli. Lakini Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeuchunguza mlima huu kwa miongo mitatu, na ambaye pia ndiye aliyeupima ule mkukusu, aliandika mwaka 2005 kwamba kwa maji ya watu, moto wa msituni una madhara makubwa kuliko kuisha kwa barafu. Maelezo yake yanaeleweka. Miti ya juu, iliyojaa kuvumwani na mandevu ya miti, hukamata ukungu unapopita na kuudondosha kama maji. Mti ukiungua, ukungu hupita ukaenda zake. Na kila msitu wa juu unaogeuka kichaka humpunguzia kwenzi na shorobo makazi.

Oktoba 2020 moto uliwaka zaidi ya wiki moja na kuteketeza takriban kilomita za mraba 95. Wananchi na wanafunzi walipanda kuwasaidia askari wa hifadhi kuuzima. Oktoba 2022 ukawaka tena, upande wa kambi ya Karanga. Miezi hiyo ni mwisho wa kiangazi, majani yamekauka, na cheche ya mrina asali, jangili au mpishi wa kambini inatosha.

Mbona wananchi hawaruhusiwi tena kuingia msituni kama zamani?

Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili ukingoni mwa msitu, ili vijiji vipate kuni, majani ya ng'ombe na miti ya kujengea. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973 ikichukua sehemu za juu, na UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia mwaka 1987. Mwaka 2001 uchunguzi uliofanywa kwa ndege ulionyesha ukataji haramu wa miti, hasa mikamfa, pamoja na tanuri za mkaa. Baada ya hapo, mwaka 2005, msitu wote uliunganishwa na hifadhi.

Msitu ulipata nafuu. Lakini mzigo uliwaangukia kina mama wanaotafuta kuni, na safu hii inaona kwamba ulinzi ambao mama wa Uru au Kibosho anauona kama adhabu hautadumu. Majiko sanifu, miti ya kuni ndani ya kihamba na mazungumzo ya kweli kati ya vijiji na hifadhi ni sehemu ya uhifadhi sawasawa na doria.

Anayeanza abebe nini?

Darubini ya 8x42 inafaa kuliko ile inayokuza sana, kwa sababu msituni ni giza na lenzi pana huingiza mwanga. Abebe koti la mvua, na nguo zisiwe za kung'aa. Kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 2002, bado ndicho kinachobebwa na waongoza wageni wengi. Afike kumepambazuka tu. Kuanzia saa nne ndege hutulia na mawingu hutanda. Asipige sauti ya ndege kwenye simu mara kwa mara ili kumvuta, kwani ndege mwenye kiota huweza kuliacha yai akidhani amevamiwa.

Je, anachokiona mtu wa kawaida kina faida kwa wataalamu?

Kina faida kubwa. Neil na Liz Baker walijenga atlasi ya ndege wa Tanzania kwa kukusanya kumbukumbu za watu wengi, mwezi kwa mwezi, eneo kwa eneo. Leo mtu anaweza kutuma orodha yake kwa simu kupitia eBird. Shule zenye klabu za Malihai zinaweza kufanya hivyo kwa daftari moja: tarehe, saa, mahali, aina ya ndege, idadi, na mti alimokuwa akila.

Watalii wengi huja Januari hadi Machi na Juni hadi Oktoba. Aprili na Mei, masika yanapofanya njia za Materuni na Uru kuwa utelezi, anayebaki na macho na daftari ni mwenyeji, na orodha za miezi hiyo zitatoka kwake.