Zulia gani litahimili chumvi ya sitaha?

Swali: Msomaji wa Mtwapa mwenye boti ya faiba ya kuvulia anauliza atandike zulia gani kwenye sitaha.

Jibu: La sebuleni asilijaribu. Baadhi ya mazulia ya ndani yana mgongo wa juti, nao hunywa maji ukaoza. Achukue la polipropilini, ambayo hainywi maji. Lisiwe la vitanzi: ndoana ikinasa humo, kuichomoa ni kazi! Wala lisiwe jeusi, litaunguza nyayo saa sita mchana.

Adui ni chumvi. Hata ikishakauka huvuta unyevu wa hewani, zulia likabaki na ubichi na kuvu. Kila akirudi, alisuuze kwa maji ya bomba. Damu ya samaki aioshe kabla haijakauka.

Gundi aiache. Afunge kwa vishikizo, aweze kulibandua na kulianika.