Somo la Baiskeli: Kuona si Kuonekana

Katika wilaya ya Tunduru baiskeli ndiyo punda wetu. Huchukua korosho kwenda ghalani, mgonjwa kwenda zahanati, na mtoto kwenda shule. Tangu barabara itokayo Songea kwenda Masasi ilipotiwa lami, magari hupita Matemanga, Tunduru na Nakapanya kwa kasi ambayo barabara ya vumbi haikuiruhusu. Mwendesha baiskeli amebaki na mwendo wake ule ule. Kwa hiyo yatupasa kujifunza jambo moja, nalo ni hili: kuona si kuonekana.

Mtu aliye juu ya baiskeli usiku huziona taa za gari zingali mbali. Husema moyoni, "Mimi nimemwona, basi naye ameniona." Hapo ndipo penye kosa. Gari ni nuru katikati ya giza. Yeye ni giza ndani ya giza.

Waalimu waweza kulifundisha jambo hili kwa hesabu. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita meta 22 katika sekunde moja. Dereva akiona kitu, gari huenda meta 15 hivi kabla hajakanyaga breki, kisha huhitaji meta 38 nyingine hata lisimame, ikiwa barabara ni kavu na breki ni nzima. Jumla ni meta 53. Lakini taa zikiinamishwa, mtu aliyevaa nguo nyeusi pengine haonekani mpaka afikiwe kwa meta 30. Toeni 30 katika 53, zabaki 23. Katika meta 23 hizo ndimo mtu hupotezea maisha yake. Wapelekeni watoto uwanjani wazipime kwa hatua, wapate kusadiki.

Basi, dawa ni nini? Kwanza, taa nyeupe mbele, na nyuma taa nyekundu pamoja na kioo chekundu kirudishacho nuru. Msitegemee dinamo peke yake, maana huzimika baiskeli isimamapo.

Pili, angalieni mzigo. Wengi wana kioo chekundu, lakini gunia la korosho au tita la kuni limekifunika, hata hakifai kitu. Taa na ifungwe nyuma ya mzigo, si chini yake.

Tatu, vaeni nguo nyeupe. Aliye na utepe ung'aao na aufunge miguuni, kwa sababu miguu hupanda na kushuka, na dereva hutambua mara moja kwamba yule ni mtu, wala si jiwe wala kigingi.

Nne, shikeni upande wa kushoto, mkifuatana mmoja mmoja. Taa za gari zikiwatia kiwi machoni, msizikazie macho. Tazameni ukingo wa kushoto, pungueni mwendo, na ikiwa lazima, shukeni. Tena kumbukeni kwamba katika nchi yetu jua likisha kutua, giza halikawii hata nusu saa. Aondokaye shamba jua likizama atafika nyumbani usiku. Basi taa na aichukue asubuhi.

Wala mzigo huu si wa mwenye baiskeli peke yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humwamuru dereva asizidi kilometa 50 kwa saa apitapo penye makazi ya watu. Kwa mwendo huo gari huweza kusimama katika meta 25 hivi, yaani kabla ya kumfikia yule aonekanaye kwa meta 30. Dereva atiiye sheria humwokoa hata asiye na taa.

Wakubwa wa vijiji, litajeni jambo hili katika mikutano yenu kabla ya msimu wa korosho. Watu husema ajali haina kinga. Lakini ajali hii ina kinga, na mtoto aliyeketi nyuma ya baba yake hana awezaye kumfungia taa ila baba yake.